Tarehe 7 haingoji mavuno: kodi na michango ya wafanyakazi wa shambani

Juma hili naacha kidogo habari za viwavijeshi na mbolea ya kukuzia, naingia kwenye jambo ambalo naulizwa kila ninapopita kwenye vikundi: makato ya wafanyakazi. Nani anakatwa, kiasi gani, na hasa fedha hiyo inalipwa lini.

Wanaouliza si wenye mashamba makubwa ya maua kule Usa River. Hao wana wahasibu wao. Ni watu wa katikati: mama mwenye ng'ombe wa maziwa kumi na mbili Nkoaranga, kijana aliyejenga vitalu nyumba viwili vya hoho Maji ya Chai, mstaafu aliyerudi Poli akapanda parachichi ekari nne. Walianza na kibarua mmoja wa kupalilia. Leo kuna mlinzi, kuna kijana wa ng'ombe, kuna mtu wa pampu, na juu yao msimamizi. Hawakukaa chini siku moja wakaamua kuwa waajiri, lakini waajiri wameshakuwa.

Mzee mmoja aliniambia kwa utani, "Bwana shamba, wewe tuambie habari za ukungu, ya TRA waachie wenyewe." Namwelewa. Mimi si mhasibu, na shamba lako likikua utamhitaji mhasibu. Lakini gharama ya mtu shambani ni gharama ya uzalishaji kama ilivyo mbegu na dawa. Mkulima anayenionyesha faida ya hoho bila kuweka makato, ananionyesha nusu ya hesabu. Na nusu ile nyingine ndiyo huja kwa mkupuo, na riba juu yake.

Kalenda mbili

Shida yenyewe naiona hivi. Shamba lina kalenda yake. Vibarua hulipwa Jumamosi jioni. Fedha ya mboga hutegemea soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Fedha ya maziwa huja kwa mwezi. Kahawa inakupa fedha kwa msimu, na anayekuchukulia maharage mabichi ya kusafirisha nje anaweza kukulipa baada ya majuma kadhaa. Serikali haihesabu hivyo. Yenyewe inahesabu mwezi wa kalenda, na mwezi ukiisha saa inaanza kukimbia, uwe umevuna au hujavuna.

Kwa hiyo wengi wanaochelewa si wabishi na wala si wajinga. Siku ya mshahara walikuwa na fedha. Walimlipa mfanyakazi kiasi chake kilichokatwa, ile iliyokatwa ikabaki mfukoni, na Jumatatu ikanunua pumba. Ilipofika tarehe ya kulipa, pumba zilishaliwa na ng'ombe. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye somo hili, chukua hiki: makato yatengwe siku ile ile mshahara unapolipwa, yaende mahali pengine. Fungua akaunti ya pili, au weka laini ya pili ya simu ambayo kazi yake ni hiyo tu. Fedha uliyomkata mtu si mtaji wako.

Sasa tuangalie makato yenyewe.

La kwanza ni PAYE, ile Lipa Kadiri Upatavyo, kodi ya mshahara inayokwenda TRA. Mwisho wake ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mshahara wa Mei, kodi yake iwe imefika ifikapo tarehe 7 Juni. Tangu Julai 2020 mshahara wa mwezi usiozidi shilingi 270,000 hautozwi. Kuanzia Julai 2021 kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinatozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 mpaka 760,000 ni shilingi 20,000 ukijumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Kutoka 760,000 mpaka 1,000,000 ni shilingi 68,000 na asilimia 25 ya ziada, na juu ya milioni ni shilingi 128,000 na asilimia 30 ya ziada. Jambo moja wengi hawalijui: mchango wa NSSF wa mfanyakazi unatolewa kwanza, ndipo kodi inahesabiwa kwenye kilichobaki. Ukifanya kinyume unamkata mtu zaidi ya haki.

La pili ni SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Nayo inakwenda TRA, na mwisho wake ni tarehe 7 hiyo hiyo. Hii hakatwi mfanyakazi, inatoka kwa mwajiri. Tangu 2021 inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya hapo walikuwa 4. Julai 2023 kiwango kilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya jumla ya mishahara. Wakulima tumepewa nafuu hapa: wafanyakazi ambao kazi yao ni kilimo moja kwa moja na hicho tu, tozo hii haiwahusu. Lakini msimamizi wa shamba hayumo kwenye nafuu hiyo, na wanaosindika mazao hawamo. Kwa hiyo mpaliliaji, mvunaji na mtu wa kumwagilia wako upande mmoja, karani na meneja upande mwingine. Wale wanaochambua na kufungasha mboga bandani ndio wanaoleta ubishi. Ushauri wangu: usijisamehe mwenyewe. Andika barua ofisi ya TRA, eleza kila mtu anafanya kazi gani, upate jibu la maandishi, uliweke kwenye faili. Jibu la mdomo la pale dirishani halitakusaidia mkaguzi akija.

La tatu ni NSSF. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Kinachobaki ni chako mwajiri. Hapa una muda kidogo: mchango unalipwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Shamba binafsi ni NSSF. Ule mfuko mwingine, PSSSF, ni wa watumishi wa umma. Nasema hivi kwa sababu wastaafu wa serikali waliogeuka wakulima huwa wanachanganya.

La nne ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwa sekta binafsi kiwango kilianza asilimia 1 mwaka 2015, kikashuka mpaka asilimia 0.5 mwaka 2022. Hii ni ya mwajiri peke yake, na ni marufuku kumkata mfanyakazi hata senti. Panga ilipwe pamoja na NSSF, kabla mwezi unaofuata haujaisha.

Umeona sasa kosa linalofanyika sana? Mtu anasikia kwamba chini ya 270,000 hakuna kodi, anafurahi, anafunga daftari. Ile 270,000 ni mstari wa PAYE tu. NSSF na WCF hazina mstari huo. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa 140,000 kwa mwezi. Hata huyo wa 140,000, ambaye TRA haina chochote kwake, anadaiwa kuwekewa 28,000 NSSF na 700 WCF kila mwezi. Kama unalipa kwa kima cha chini, pita kwa ofisa kazi uulize amri inayotumika sasa, maana kima hupandishwa.

Tupige hesabu ya shamba moja

Chukua shamba lenye watu wanne wa kudumu. Mlinzi analipwa 180,000. Kijana wa ng'ombe 200,000. Mtu wa pampu na kupulizia dawa 300,000. Msimamizi 700,000. Jumla 1,380,000.

Mlinzi anakatwa NSSF 18,000, anachukua 162,000. Kijana wa ng'ombe anakatwa 20,000, anachukua 180,000. Mtu wa pampu ndiye wa kuangalia vizuri. Mshahara wake wa 300,000 umevuka 270,000, na wengi wangemkata kodi. Lakini toa NSSF yake ya 30,000 kwanza: inabaki 270,000 kamili. Kodi ni sifuri, na anachukua 270,000 yote. Msimamizi anakatwa NSSF 70,000, inabaki 630,000. Hapo kodi ni 20,000 ukijumlisha asilimia 20 ya 110,000, yaani 42,000. Anachukua 588,000.

Wafanyakazi wote kwa pamoja wamechukua 1,200,000, na umebaki na 180,000 uliyowakata. Hiyo si yako. Ongeza ya kwako: NSSF ya mwajiri 138,000 na WCF 6,900. Ukiijumlisha yote ni 324,900. Katika hiyo, 42,000 ndiyo ya tarehe 7, na 282,900 ina nafasi mpaka mwisho wa mwezi. SDL hakuna, kwa kuwa hawafiki kumi.

Angalia basi gharama halisi ya watu wanne hao. Ni 1,524,900 kwa mwezi, siyo 1,380,000. Tofauti ni 144,900. Kwa mfugaji hizo ni lita nyingi za maziwa, na kama hukuziweka kwenye bei yako, ng'ombe mmoja anakamuliwa mwezi mzima kulipa kitu ambacho hukukipanga.

Halafu kuna habari ya "mkononi". Tunapenda kukubaliana na msimamizi kwa maneno: nitakupa laki saba mkononi. Maneno matamu, lakini umejifunga. Kama ni 700,000 baada ya makato yote, mshahara wake kwenye karatasi unakuwa kama 856,300. NSSF ya mfanyakazi, PAYE na NSSF yako vyote vinapanda. Zungumzeni mshahara kabla ya makato, muuandike kwenye mkataba. Mweleze wazi atachukua ngapi, hakuna mtu mzima anayekasirishwa na hesabu aliyoonyeshwa mapema.

Na usiseme, "Yeye mwenyewe alikataa kukatwa, kwa hiyo sikumkata." Nimeisikia hii mara nyingi mpaka Ngaramtoni. Sheria ya Kodi ya Mapato inamhesabu mwajiri kama aliyekata, hata kama hakukata. Kodi ile utalipa wewe, kisha ukabishane na msimamizi akurudishie, naye pengine ameshahamia Babati.

Miezi inayoponyoka

Nilikaa na kalenda ya ukutani nikafuata tarehe 7 zote, na inafaa kila mkulima afanye hivyo mwezi wa kwanza. Mbili kati yake ni sikukuu kila mwaka, bila kukosa. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume. Hapo ndipo PAYE ya Machi inaisha. Tarehe 7 Julai ni Sabasaba. Hapo inaisha ya Juni. Na ya Aprili inakuja katikati ya masika, barabara za juu mlimani zina tope, umeme wenyewe unakuja na kuondoka, na wewe akili yote iko kwenye kupalilia.

Ya Agosti ndiyo ninayoiogopa zaidi kwa watu wangu. Tarehe 7 Agosti si sikukuu, ila ni mkesha wa Nanenane. Kuanzia tarehe 1 mpaka 8 nusu ya wafugaji na wakulima hodari wa Meru na Arusha wako viwanja vya Themi, Njiro, na ng'ombe wao, na miche yao, na sisi maafisa ugani tuko nao tukila vumbi. Daftari liko nyumbani, mke au kijana aliyebaki hajui neno la siri la mfumo. Kahawa nayo imeanza kuiva, vibarua wameongezeka, mishahara ya Julai ni mikubwa kuliko ya Juni. Mwezi mgumu kuliko yote unakutana na juma la kutokuwepo nyumbani. Kwa Agosti, lipa kabla hujapakia ng'ombe kwenye gari.

Januari nayo ina yake. Desemba watu wamelipwa mapema ili waende kwao, mwenye shamba naye amekuwa na wageni, na tarehe 7 Januari inafika ada za shule zikiwa zimeshika koo. Wenye maua watakwambia Januari na Februari ndiyo miezi yao mikali, kwa sababu ya soko la Valentine's Ulaya, na vibarua huongezeka ghafla.

Watu huniuliza, je, tarehe 7 ikiangukia Jumapili au sikukuu nina nafuu ya siku moja? Mimi sikushauri ujenge maisha yako juu ya swali hilo. Jiwekee tarehe yako mwenyewe, na kwa maoni yangu iwe tarehe 5. Mshahara ulipwe siku ya mwisho ya mwezi, tarehe 3 uingie kwenye mfumo wa TRA, ujaze taarifa ya mishahara na kutoa kumbukumbu namba ya malipo, tarehe 5 ulipe kwa benki au kwa simu. Ukikwama, mtandao ukagoma, namba ikakataa, una siku mbili za kwenda mjini na kuuliza watu wenye majibu. Anayeanza tarehe 7 saa kumi jioni hana hata saa moja ya kukwama.

NSSF na WCF je, uzilipe nazo tarehe 5? Kama fedha ipo, ndiyo, umalize, kichwa kipumzike. Kama unauza maziwa na malipo yako yanaingia katikati ya mwezi, itumie ile nafasi uliyopewa, ila weka tarehe 20 kuwa mwisho wako na usiguse tarehe 30. Weka kengele kwenye simu ijirudie kila mwezi, na iwe kwenye simu mbili, yako na ya mtu mwingine wa nyumbani. Mwanao wa kidato cha nne anaweza kabisa kazi hii.

Usichanganye pia tarehe hizi na kodi ya biashara yako mwenyewe, ile inayolipwa kwa awamu Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hiyo ni habari nyingine, na kulipa moja hakufuti nyingine.

Vibarua

Hapa ndipo maswali ni mengi na majibu mepesi ni machache. Mkulima anasema, "Mimi sina mfanyakazi, nina vibarua." Sawa. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii jina unalomwita mtu. Katika mambo inayotazama kuna hili: amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Ikiwa ndiyo, atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo.

Saa 45 ni kidogo kuliko unavyofikiri. Mama anayekuja kupalilia siku mbili kwa juma, saa sita kila siku, ana saa 12 kwa juma. Majuma manne ni saa 48. Ameshavuka. Na wapo akina mama ambao wamekuwa "vibarua" wa shamba moja kwa miaka mitano.

Kwa hiyo andika. Nunua kaunta buku moja, chora mistari: jina kamili, namba ya NIDA, tarehe, saa alizofanya, kazi aliyofanya, kiasi alicholipwa, sahihi. Kila Jumamosi. Mwisho wa mwezi jumlisha kwa kila mtu, maana PAYE inatazama mwezi na siyo juma. Juma lililoanza mwezi huu na kulipwa Jumamosi ya mwezi ujao, liweke kwenye mwezi uliolipa, kodi inakatwa pale fedha inapotoka mkononi mwako. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha nani kweli ni wa msimu, amekuja kuchuma kahawa majuma matatu akaondoka, na nani amekuwa wako bila wewe kukubali. Wa namna ya pili mwandikishe. Ukishakuwa na daftari, mhasibu wa kukodi atakutoza kidogo kwa sababu kazi ngumu imeshafanyika.

Na safu ile ya "kazi aliyofanya" usiiache wazi. Ndiyo itakayokutetea kwenye SDL ukifika watu kumi, kwa sababu itaonyesha nani alikuwa kwenye matuta na nani alikuwa bandani.

Kwa nini nasumbua hivi

Naenda mashambani, siendi ofisini kwa mtu, na ninachokiona huko ndicho kinanifanya niandike. Pensheni ya uzee ya NSSF inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kuna kijana wa ng'ombe ninayemfahamu, sasa si kijana tena, ana miaka 47. Amekata majani na kusukuma mikokoteni ya samadi tangu akiwa na ishirini na kitu, kwa waajiri watatu tofauti kuzunguka mlima huu. Aliyemwandikisha ni wa tatu tu, miaka miwili iliyopita. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Piga hesabu mwenyewe: hata asipokosa mwezi mmoja kuanzia leo, zile 180 zimebana kabisa. Miezi miwili ameanza nayo tayari haipo kwenye rekodi yake, mwenye shamba alisahau. Kwake yeye kusahau kwa mwajiri si riba na adhabu, ni miezi ambayo haitarudi. Naye anajua, kwa sababu siku hizi mwanachama anaangalia michango yake kwenye simu.

WCF pia, watu wanaidharau kwa udogo wake. Kwenye shamba letu la mfano ni 6,900 kwa watu wanne, bei ya soda chache. Lakini mtu wa kupulizia dawa anabeba sumu mgongoni. Mashine ya kukata majani ina meno. Fahali hana rafiki. Ikitokea, mfuko ule ndio wa kulipa matibabu na fidia, na utakuuliza kama ulijiandikisha na kama unachangia.

Umeshachelewa?

Basi usikae kimya. Kwa upande wa TRA adhabu ya kutowasilisha taarifa inahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Sehemu ya mwezi maana yake siku moja inahesabika kama mwezi mzima, na anayesema "kwa kuwa nimeshachelewa acha nisubiri mavuno" anaongeza miezi tu. Riba nayo inajikusanya juu ya riba. Kama taarifa unayo ila fedha huna, wasilisha taarifa kwa wakati hata hivyo. Hayo ni makosa mawili tofauti na huna sababu ya kubeba yote.

Upo pia utaratibu wa kuomba TRA muda wa kulipa au kulipa kwa awamu. Maombi ni kwa maandishi, yaeleze sababu, na yapelekwe kabla ya tarehe ya mwisho. Kama mnunuzi wako amechelewesha malipo, ambatanisha hati ya mauzo. Ofisi inasoma karatasi.

Tena, viwango nilivyoandika hapa usivichonge kwenye jiwe. Bajeti husomwa Juni, na Sheria ya Fedha mpya huanza 1 Julai. PAYE ilibadilika Julai 2020 na Julai 2021, SDL ilibadilika Julai 2023. Kila Julai, kabla ya kulipa mishahara ya mwezi huo, tafuta jedwali jipya la TRA ulibandike ndani ya jalada la kaunta buku, la zamani ulitoe. Anayeendelea na jedwali la zamani anaweza kumkata mtu zaidi mwaka mzima bila kujua.

Wenye kahawa kuanzia Akheri kwenda juu, mkianza kuchukua watu wa kuchuma, kaunta buku liwe mlangoni tangu siku ya kwanza. Namba za NIDA zichukuliwe asubuhi kabla ya ndoo, jioni kila mtu anakimbilia gari.